Jibini la maziwa ya ng'ombe: Halali yake twaijua, usalama wake je?

Ndugu msomaji, safu yetu ya afya na usafi wiki hii inaingia jikoni na kusimama mbele ya sufuria ya maziwa. Tunazungumzia jibini, chakula ambacho wengi wetu tunakiona kwenye maduka makubwa ya mjini na kukipita, tukidhani ni cha wageni na watalii.

Chukua mfano wa nyumba ya Kwamndolwa, pale Korogwe, yenye ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa. Maziwa ya asubuhi yana mwenyewe: yanakwenda kwenye kituo cha kukusanyia maziwa au yanagawiwa kwa wateja wa mtaani. Ya jioni ndiyo yenye mtihani. Vituo vingi hupokea asubuhi, jokofu nyumbani hakuna au umeme umekatika, na joto la bonde la Pangani halimsubiri mtu. Mama atatoa ya chai, atawapa watoto, na yanayobaki atayaacha yagande yenyewe hadi kesho. Msimu wa masika, majani yakiwa tele na ng'ombe wakikamulika vizuri, hata mtindi wenyewe hukosa wanywaji. Ukivuka upande wa Handeni kwa ndugu zetu wafugaji wa Kimasai, hali ni ile ile, isipokuwa maziwa ni mengi zaidi na barabara iko mbali zaidi.

Maziwa hayo yanaweza kuwa jibini, na wala hayahitaji kiwanda. Lakini kabla hatujafika kwenye namna ya kulitengeneza, liko sharti moja ambalo ukiliacha, heri uyamwage maziwa yako: yachemshwe kwanza. Ukubwa wa sharti hili ndio uliotufanya tuandike makala hii.

Jibini si geni kwetu

Neno lenyewe, jibini, tumelipata kwenye Kiarabu, na chakula chenyewe kilikuwapo zama za Mtume (S.A.W.). Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume aliletewa jibini akiwa Tabuk, akaomba kisu, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akalikata. Waarabu walikuwa pia na kitu kinachoitwa aqit, maziwa yaliyogandishwa na kukaushwa yakawa magumu ya kubeba safarini. Kilikuwa chakula cha kutegemewa kiasi kwamba Masahaba walikitoa katika zakatul fitri, sawa na tende, shayiri na zabibu.

Hapa Afrika Mashariki pia tuna jibini letu. Sudan kuna jibini jeupe lenye chumvi nyingi, na chumvi hiyo ndiyo inayolifanya likae katika joto la kule. Mashariki ya Kongo, katika vilima vya Masisi, wafugaji wanatengeneza mabonge ya jibini yanayouzwa Goma na kufika hadi Kinshasa. Utaalamu huo uliletwa na wamisionari wa Kibelgiji, lakini leo ni kazi ya wenyeji. La kale zaidi na lililo karibu zaidi na jiko la kwetu ni la Ethiopia, linaloitwa ayib.

Nataka tulitazame ayib kwa makini, maana kila hatua yake mama wa Kwamndolwa anaifahamu tayari isipokuwa ya mwisho. Maziwa ya ng'ombe hukusanywa kwa siku kadhaa kwenye chungu au kibuyu mpaka yagande. Kisha husukwasukwa hadi siagi ijitenge. Siagi hutolewa, na nyingine huyeyushwa ikawa samli. Yale meupe yaliyobaki, ambayo kwetu aghalabu hunywewa au kupewa ndama, huwekwa kwenye moto mdogo. Yakipata joto, mabonge meupe huanza kujikusanya na maji ya rangi ya kijani-manjano hujitenga. Huachwa yapoe, huchujwa kwenye kitambaa, na hapo jibini limepatikana. Hakuna dawa wala kitu kingine kilichotiwa. Kiasi cha lita 8 za maziwa hutoa kilo moja hivi. Karibu sehemu nne kwa tano ya ayib ni maji, protini ni takriban asilimia 15, na mafuta hayafiki asilimia 2, kwa kuwa siagi imeshaondoka. Nyumba isiyopata nyama kila siku, hicho ni chakula cha kuheshimiwa.

Sasa tazama ule moto mdogo. Wataalamu waliochunguza utengenezaji wa ayib wameeleza kuwa joto lake huwa kati ya nyuzi 40 na 70. Nyuzi 40 ni joto la maji ya kumwogeshea mtoto! Maziwa yatajitenga, jibini litapendeza kwa macho, na wadudu wa maradhi waliokuwamo watabaki hai. Ili maziwa yawe salama yanatakiwa yakae kwenye nyuzi 63 kwa dakika 30 nzima, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Jikoni kwetu hakuna kipima joto, basi alama yetu ni moja: yachemke mpaka yapande.

Homa iliyokaa ndani ya maziwa

Wadudu gani hao? Wako wa aina nyingi, wakiwamo wa kifua kikuu cha ng'ombe, ambao hupita kwenye maziwa na kumshika binadamu, mara nyingi kwenye tezi za shingo au tumboni. Lakini leo tuseme hasa juu ya brusela, ule ugonjwa ambao wafugaji wanauita ugonjwa wa kutupa mimba.

Kisa chake kilianzia kwenye kisiwa cha Malta. Askari wa Kiingereza waliokuwa wakikaa kule walikuwa wakishikwa na homa isiyoisha, leo ipo, kesho haipo, wiki ijayo imerudi. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, alitangaza kuwa amempata mdudu wake kwenye wengu za askari waliofariki. Mdudu akajulikana, njia yake haikujulikana. Ikachukua hadi mwaka 1905, ndipo daktari mwenyeji wa Malta, Themistocles Zammit, akapima damu za mbuzi waliokuwa wakitembezwa mitaani na kukamuliwa milangoni mwa watu. Mbuzi wale walikuwa wazima kwa kuwatazama, kumbe wanao. Mwaka 1906 askari wakazuiwa kunywa maziwa mabichi ya mbuzi, na homa ikashuka ghafla kambini. Raia wa Malta waliendelea kuyanywa, nao wakaendelea kuugua kwa miaka mingi.

Ndugu msomaji, kisa hicho hakiko mbali na sisi kama unavyodhani. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 wenye homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008. Asilimia 60.7 walihesabiwa kuwa ni wagonjwa wa malaria. Vipimo vya maabara vilipokamilika, wenye malaria kweli walikuwa 14 tu, yaani asilimia 1.6. Wengine walikuwa na homa nyingine, kadhaa kati ya hizo zinatoka kwa wanyama. Kwa upande wa brusela, katika wagonjwa 453 ambao vipimo vyao vilikamilika, 16 walikutwa nayo.

Na hapa Korogwe kwenyewe? Malaria imepungua sana. Katika kijiji cha Mkokola, kilichoko bondeni, watoto na vijana waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 78.4 mwaka 2003. Mwaka 2008 walikuwa asilimia 13. Kwamasimba, kilichoko juu zaidi, walishuka kutoka asilimia 24.7 hadi 3.1. Hii ni neema ya kumshukuru Mwenyezi Mungu. Maana yake pia ni kwamba zamani ukisema "nina homa" ulikuwa unajua ni nini, na sasa huwezi tena kubahatisha. Mtu anameza dawa ya malaria mara tatu kwa mwezi na homa inarudi. Anaanza kusema amerogwa. Hakuna aliyemwuliza anakunywa maziwa gani.

Dalili za brusela ni homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi hasa usiku, uchovu, maumivu ya viungo, mgongo na kiuno, kukosa hamu ya kula na kukonda. Kwa wanaume, korodani zinaweza kuvimba. Hapo wengi huona haya na kunyamaza, na kunyamaza huko kunawagharimu. Kwa mama mjamzito, mimba inaweza kutoka. Dalili huanza wiki moja hadi nne baada ya kula au kugusa kilicho na wadudu, na wakati mwingine huchukua miezi, ndiyo maana mtu hakumbuki tena jibini au mtindi aliokula. Ugonjwa unatibika. Tiba yake ni dawa za aina mbili au zaidi, zinazotumiwa kwa wiki sita hivi, na anayeziacha wiki ya pili kwa kuwa amepata nafuu hujikaribishia ugonjwa upya. Si dawa za kununua dukani kwa kukisia, kwani baadhi hazifai kwa wajawazito na watoto wadogo. Ukienda Magunga au kituo chochote cha afya na kipimo cha malaria kikasema huna, mwambie mganga waziwazi: "Nyumbani tunafuga, na maziwa tunakunywa mabichi." Neno hilo moja linaweza kumfungulia njia.

"Mbona wazee walikunywa mabichi?"

Swali hili hatulikwepi. Wazee walikunywa, na baadhi yao waliugua mgongo na viungo miaka mingi bila kujua sababu. Wapo pia wanaosema kuwa uchachu wa mtindi unaua wadudu. Unawapunguza, lakini hauwamalizi kwa siku moja au mbili, na brusela inaweza kuishi ndani ya jibini laini kwa wiki nyingi. Moshi wa kibuyu unaleta harufu nzuri na kuzuia baadhi ya uchafu, lakini haupiki maziwa yaliyomo.

Hoja yenye nguvu zaidi ni hii: maziwa yaliyochemshwa hayagandi vizuri. Akina mama wanaosema hivyo wana haki. Maziwa mabichi hugandishwa na vijidudu vizuri vilivyomo, na moto unaua vizuri pamoja na vibaya. Ukiyaacha maziwa yaliyochemshwa yakae hivi hivi, yataoza badala ya kuganda. Dawa yake ni mbegu. Yachemshe, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu tu, kisha koroga ndani yake vijiko viwili vya mtindi mzuri kwa kila lita. Mbegu ya kwanza itoke kwenye mtindi wa pakiti uliotengenezwa kiwandani, kama ule wa Tanga Fresh, kwa sababu mtindi wa maziwa mabichi utarudisha wadudu uliowaua. Funika, weka mahali penye joto, na kesho utakuwa na mtindi mzito. Ukitaka ayib, suka mtindi huo, toa siagi, na yanayobaki yapashe moto kama Waethiopia wanavyofanya. Sasa huna wasiwasi na nyuzi 40, kwa sababu kazi ya kuua wadudu ilishafanyika mwanzoni.

Kama mbegu imegoma kabisa na maziwa hayagandi, ulizia ng'ombe kama alichomwa sindano karibuni. Dawa za kuua bakteria hutoka kwenye maziwa kwa siku kadhaa, na hizo nazo huzuia mtindi kuganda. Maziwa hayo si ya kunywa wala ya kuuza mpaka siku alizotaja mtaalamu wa mifugo ziishe.

Jibini la limao

Kwa asiye na subira ya kusuka, ipo njia ya saa moja, na kwa mkoa wetu wa Tanga ambako malimao na ndimu hayana shida, naiona kuwa ndiyo bora kuanzia. Chukua lita 5 za maziwa ya jioni, yachuje, yachemshe huku ukikoroga yasishike chini. Yakipanda, punguza moto na uyaache dakika chache. Epua. Kamua malimao upate maji yake kiasi cha nusu kikombe kikubwa cha chai na kidogo zaidi (kama mililita 150), yachuje mbegu, changanya na maji safi kiasi hicho hicho. Mimina polepole kwenye maziwa ya moto huku ukikoroga taratibu sana. Utaona maziwa yanakatika. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Maji yakishaonekana ya kijani-manjano na si meupe tena, acha kumimina hata kama limao limebaki, maana likizidi jibini linakuwa kali. Funika robo saa, kisha mimina kwenye kitambaa, nyunyiza chumvi, funga, ning'iniza au weka kitu kizito juu yake. Utapata kama robo tatu ya kilo.

Kuhusu kitambaa, niseme jambo ambalo si la mzaha. Kiwe cha pamba, kipya au kilichotengwa kwa kazi hiyo tu, na kila mara kichemshwe na kuanikwa juani. Kisiwe kipande cha chandarua! Neti nyingi tunazogawiwa zina dawa ya kuua mbu ndani ya nyuzi zake, na sumu hiyo haitoki kwa kufua. Tunajua zinatumika kukausha dagaa na kuzungushia bustani. Kwenye chakula cha watoto tuseme hapana. Kadhalika mikono: tunatawadha mara tano kwa siku, lakini kabla ya kushika jibini mikono ioshwe kwa sabuni, na anayeharisha au mwenye kidonda cha mkono amwachie mwingine kazi hiyo. Chombo cha kuwekea kisiwe kile kile kilichopokea maziwa mabichi kabla hakijaoshwa kwa maji ya moto. Kosa hili ndilo huharibu kazi ya wengi, maana maziwa yamechemshwa vizuri kisha yakarudishwa kwenye dumu la zizini.

Bila jokofu, kwa joto la Korogwe, jibini hili lile siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Likiwa na utelezi au harufu isiyo ya kawaida, litupe. Uzuri wake ni kwamba haliyeyuki kwenye moto, kwa hiyo unaweza kulikata vipande na kuvikaanga vikawa vya rangi ya dhahabu, au kulitumbukiza kwenye mchuzi wa nazi kama unavyofanya samaki, au kulivunjavunja ndani ya mchicha na kisamvu. Mwezi wa Ramadhani linafaa daku, kwani linashibisha. Mwenye shinikizo la damu atiliwe chumvi kidogo sana. Yale maji yaliyochujwa usiyamwage. Pikia uji au ukandie unga wa chapati.

Na lile la dukani?

Jibini gumu la dukani kwa kawaida hugandishwa kwa kitu ambacho Waarabu wanakiita infaha, kinachotoka kwenye tumbo la nne la ndama au mbuzi mchanga anayenyonya. Hapo ndipo maswali ya halali huingia. Ikiwa mnyama ni wa halali na amechinjwa kisharia, hakuna tatizo. Ikiwa ni nyamafu au hakuchinjwa kisharia, wanazuoni wametofautiana: Mahanafi wamelegeza, na madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu hapa pwani tunayafuata, yanaiona infaha hiyo kuwa ni najisi. Viko viwanda vilivyowahi kutumia kigandishi cha tumbo la nguruwe pale cha ndama kilipoadimika, na hicho hakina mjadala. Lakini tangu mwaka 1990 viwanda vingi duniani vimehamia kwenye kigandishi kinachozalishwa na vijidudu maabara, bila kumchinja ndama, na viko pia vinavyotokana na ukungu. Basi soma karatasi ya pakiti, tafuta alama ya halali au maelezo kuwa kigandishi si cha mnyama. Pasipo na maelezo, muulize mwenye duka au mwandikie mtengenezaji. Jibini letu la limao na ayib havina kigandishi cha mnyama kabisa, na hilo peke yake linaziondolea nyumba nyingi mashaka.

Kwa jibini au mtindi wa kununua njiani, kwenye chupa za maji zilizotumika, swali ni moja tu: yalichemshwa? Anayejibu "ni fresh, ya leo leo" hajajibu. Ukishindwa kupata jibu, mtindi huo uache, na maziwa mabichi yanunue tu kama utayachemsha mwenyewe.

Wenye mifugo mna zaidi ya hapo. Ng'ombe akitupa mimba miezi ya mwisho, kondo la nyuma likakawia kutoka, au magoti yakavimba, mwite afisa mifugo wa kata. Msiishike mimba iliyotoka wala kondo kwa mikono mitupu, maana brusela huingia hata kwenye mikwaruzo ya ngozi. Tumieni glavu au mifuko ya plastiki mikononi, vifukieni kwenye shimo refu ambalo mbwa hawatalifukua, na mama mjamzito asikaribie zizi siku hizo. Maziwa ya ng'ombe huyo yasiuzwe wala kutumiwa nyumbani mpaka afisa mifugo ampime na kuwaambia la kufanya.